Bi Tamima Saud wa Redio za Mbao

Tarehe 30 Juni 2007, kengele ya mchana ikishalia, Bi Tamima Saud Jamil atafunga mlango wa karakana ya redio hapa Malindi, Zanzibar, na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na miwili na miezi minne ya utumishi katika Chuo cha Mawasiliano cha Kikosi cha Doria ya Pwani, na katika muda wote huo hakukosa kazi ila kwa homa, Idi na mazishi. Amenionya kwamba akisomewa wasifu mrefu atasinzia mbele ya wageni. Nitajitahidi kufupisha, lakini siahidi.

Wageni wetu wengi wanamjua kwa miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa shaba, na kwa tabia yake ya kumuuliza kila anayeingia karakana kama amekuja kufanya kazi au kupunga upepo. Sisi tunamjua kwa redio za mbao. Redio ya kweli ni adimu, zipo chache, na sauti yake huenda pwani nzima. Huwezi kumpa kuruta siku ya kwanza akaanza kuchezea vifundo vya kuzungusha. Kwa hiyo Bi Tamima alitengeneza redio za mazoezi kwa mbao za makasha yaliyotupwa bandarini. Zilikuwa na vifundo, taa na kitufe cha kubana wakati wa kusema kama redio ya kweli, ila zimeunganishwa kwa waya kutoka chumba hadi chumba, na makosa yote yakabaki humu humu ndani.

Ufundi aliupata Mlandege, katika duka la marehemu baba yake, Mzee Saud Jamil, aliyekuwa akitengeneza redio za nusu ya mji. Kaka zake waliikimbia kazi hiyo mmoja baada ya mwengine, akabaki yeye. Wateja wakiingia na kumkuta amekaa na pasi ya kulehemu mkononi, walimuuliza fundi yuko wapi. Naye aliwajibu kwa adabu kwamba fundi katoka, wapite alasiri. Alasiri walipewa redio yao inaimba, na fundi bado hajarudi. Anasema wapo waliokuja miaka mitano bila ya kumuona huyo fundi, na hawakulalamika hata siku moja.

Alijiunga nasi tarehe 1 Machi 1985. Mkuu wa mafunzo wakati huo, Kapteni Mabrouk, ambaye leo amekaa mstari wa mbele kama mstaafu mwenzake, alimwekea mezani redio iliyokuwa imewashinda mafundi wawili, amjaribu. Bi Tamima aliifungua, akaitazama, akaifunga. "Afande, redio nzima," alisema mbele ya askari wote. "Betri ndo iliyotiwa kichwa chini." Kapteni Mabrouk aliyeitia betri ile kwa mkono wake mwenyewe alicheka, na huo ndio ukawa usaili.

Redio sita za mbao za mwanzo zilikamilika mwaka uliofuata, na zilikuwa kali kama redio zenyewe. Ukibana kitufe ili useme, sikio lako linaziba. Husikii kitu mpaka uachie. Ukiwasha, unangoja ipate moto. Hapo kuruta walikuwa kumi na wawili kwa mwaka, na mwalimu alikuwa na nafasi ya kumkemea kila mmoja kwa jina.

Mwaka 1989 wakaja arubaini. Redio zilikuwa ni zile zile sita. Wageni wa kazi wakawa wanabana kitufe, wanasema, halafu wanasahau kuachia. Somo la nusu saa linakwisha watu wawili katika vyumba viwili kila mmoja anamsubiri mwenziwe. Kapteni Mabrouk alimwomba Bi Tamima alegeze mambo kidogo. Naye alikitoa kidude kimoja ndani ya sanduku, kidogo kuliko punje ya mtama, na kuanzia hapo mtu akaweza kusikia hata akiwa amebana, kama simu ya nyumbani. Masomo yakaenda mbio. Waliofaulu walikuwa nusu, wakawa karibu wote. Chuo kilimpa cheti cha sifa, kikatundikwa karakana pembeni mwa kalenda, na wote walikuwa radhi.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiri ni adabu yetu. Ukiachia kitufe cha redio ya mbao, mwenzako upande wa pili alisikia "tak" sikioni, sawasawa na mtu anayekukatia simu. Mimi ni mtu wa Makunduchi. Nimwamkie mkubwa, kisha nimpige "tak" kabla hajaniitikia, nani kanilea? Ikazuka desturi bila ya kuamuliwa na mtu: mdogo anabana, anamwamkia mkubwa, na anaendelea kubana mpaka mkubwa aachie kwanza. Redio za mbao zilistahamili, kwa sababu sikio lilikuwa wazi. Walimu waliliona hilo wakafurahi kwamba vijana wana heshima. Katika darasa la mwaka 1992 hakuna aliyekuwa na heshima kunishinda mimi.

Mwaka huo huo nilipelekwa kituo kidogo upande wa mashariki. Asubuhi yangu ya kwanza nilitakiwa nifungue mawasiliano na makao makuu, na aliyekuwa zamu makao makuu ni Koplo Masoud, Mungu amrehemu, rika la baba yangu, mtu aliyewahi kunibeba mgongoni. Nilibana kitufe nikamwamkia. Wanasema aliitikia pale pale. Mimi kidole kilikuwa chini, sikusikia kitu. Nikamwamkia tena kwa sauti zaidi. Nikamuuliza kaamkaje, watoto hawajambo, na ule mguu wake je. Nikamwambia asijali, akiwa na shughuli nitamsubiri. Nilimaliza watu wote wa kuwaulizia hali ndipo nikaachia. Zilikuwa dakika sita, na pwani nzima ilinisikia, kwa sababu anayebana kitufe kwenye redio ya kweli huwafungia njia wengine wote.

Katika wengine hao ilikuwamo boti ya doria. Bomba la maji ya moto lilikuwa limepasuka kwenye injini na kumwunguza mkono fundi wao, Duni. Walitaka makao makuu wapeleke gari gatini. Badala yake walisikia kijana anauliza habari za mguu. Njia ilipofunguka walikwisha kukata tamaa ya redio na wanakimbilia Malindi kwa kasi yote, na walipofika hapakuwa na gari. Duni alishuka na mkono wake ukiwa umefungwa shuka, akatembea mwenyewe kutafuta msaada. Alipona, kovu analo mpaka leo, na yeye ndiye msimamizi wa pilau ya sherehe hii. Ananiambia hajanisamehe kila anaponipakulia.

Kamati ya uchunguzi ilikuwa ya watu watatu, mwenyekiti wake Meja Talal wa utawala. Kila mtu alikijua kitakachoamuliwa: nifukuzwe. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mama yangu alikwisha kumtangazia kila mtu Makunduchi kwamba mwanawe anasema na vyombo vya baharini bila ya waya. Siku mbili kabla ya kikao sikufikiri kingine ila nitakavyoshuka garini na mkoba wangu na watu wananitazama.

Bi Tamima hakuitwa na kamati. Alikuja mwenyewe, na hamali nyuma yake anasukuma gari lenye redio mbili za mbao na mbili za kweli. Aliomba ruhusa ya dakika kumi. Redio moja ya kila aina alizipeleka chumba cha pili kwa Koplo Masoud, kisha akamwomba Meja Talal amwamkie Koplo kwa redio ya mbao. Koplo Masoud alikuwa chini kwa cheo lakini mkubwa kwa umri, na Meja ni mtoto wa watu. Akabana, akaamkia, akaitikiwa, wakaulizana hali. Bi Tamima alimrejesha mara sita, mpaka Meja akaanza kuufurahia mchezo. Halafu akampa ile ya kweli.

Meja Talal akabana, akaamkia, na akangoja huku kidole kiko chini. Tukangoja sote. Akaamkia tena. Karani wa kamati aliacha kuandika. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Koplo Masoud mwenyewe akichechemea, anauliza kama Afande mzima, maana yeye keshaitikia marahaba mara tatu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bi Tamima alisema, "Kidole kinafanya kilichofunzwa, Afande. Na aliyekifunza ni mimi. Kidude nlikitoa kwa mkono wangu, na sikuwaambia vijana kama redio ya kweli siyo hivi." Kapteni Mabrouk, aliyekuwapo kama mkuu wa mafunzo, alisimama akasema kwamba yeye ndiye aliyeomba, na kosa moja haliachi mke. Kamati ikaandika vyote hivyo. Mimi nilirudishwa darasani miezi mitatu. Yeye cheti chake kikateremshwa ukutani, kwenye faili lake ikaingia karatasi yenye maneno "kosa la ufundi lililohatarisha maisha", na kupandishwa daraja kukasimama. Kesho yake asubuhi alinikuta nimesimama mlangoni kwake. Akanipa tochi nimulike, akaanza kufungua skrubu.

Mtu akiumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Redio alizozitengeneza baada ya hapo zilikuwa adhabu. Alirudisha kidude. Akarudisha kungoja zipate moto, sekunde tisini kamili. Akatia betri zenye uzito wa kweli, zibebwe mgongoni kutoka chumba hadi chumba. Na kwa kuwa baharini kuna makelele, alikwenda Forodhani jioni moja na redio ya kaseti, akarekodi zogo la wauzaji na walaji, akalipitisha kwenye waya. Mpaka leo kila aliyehitimu hapa analijua lile la muuza pweza anayegombana na mteja kuhusu ukwaju, ijapokuwa hakuna aliyewahi kumuona.

Wiki nzima haukupita ujumbe hata mmoja. Nada, aliyekuwa bora wa mkupuo ule, aliteremsha betri yake taratibu akasema kwamba kama hii ndiyo redio, basi yeye apewe baiskeli apeleke barua. Kapteni Mabrouk akaanza kunong'ona kuhusu zile redio laini za zamani. Bi Tamima alikasirika, na akikasirika hanyanyui sauti, hunyamaza tu na kupanga skrubu kwa ukubwa. Alizipanga siku mbili.

Siku ya tatu alifungua daftari. Aliandika kila kifundo, kila taa, kila usumbufu wa redio ya kweli, na mbele ya kila kimoja akauliza: mtu akikosea hapa baharini, nani ataumia? Ikiwa hakuna, alilegeza. Uzito wa betri uliondoka siku ile ile. Kungoja ipate moto kulisogezwa wiki mbili za mwisho, maana asiyezoea kungoja hudhani redio mbovu akaifungua. Makelele aliyatilia swichi ya mwalimu yenye hatua tatu, nasi tukaziita kimya, soko na dhoruba. Kitufe hakukilegeza hata kidogo, tangu somo la kwanza. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kwa maoni yangu, kuliko ufundi wote wa lehemu. Wengi wanaweza kufanya zoezi gumu, na wengi wanaweza kulifanya jepesi. Kujua kipi kiwe kigumu ni kipaji cha watu wachache, na chake alikinunua ghali.

Ilibaki ile adabu. Wakubwa walitaka salamu zipigwe marufuku redioni. Yeye akasema Mzanzibari ukimkataza salamu atakwenda kuitoa kwa siri, na kitu cha siri hufanywa vibaya. Akaiua ile "tak", akaweka mlio mpole, kama mtu aliyegonga kikombe kwa ukucha. Kisha akawa anawaambia kuruta: kuachia kitufe ndiko kumpisha mkubwa aseme, na anayeendelea kubana anamziba mkubwa mdomo. Basi. Vijana wa mashamba na wa mjini wote wakawa wanaachia kwa haraka ya kumkimbilia mgeni mizigo. Kwa miaka kumi na tano sasa kitabu cha zamu hakina tukio jengine kama langu.

Zilipokuja kompyuta mwaka 2005, tulifikiri ataziona maadui. Programu ilikuwa na picha ya redio, unabonyeza kipanya mara moja unasema, unabonyeza tena unasikiliza. Bi Tamima alikaa nayo siku mbili. Aliisifu kwa kurekodi makosa na kuyarudisha, akasema inakumbuka kuliko yeye, na yeye ni mtu anayekumbuka skrubu ipi ilitoka kwenye sanduku lipi mwaka gani. Alikubali picha, alikubali rangi, alikubali viti vya magurudumu. Alikataa kitu kimoja. Akishirikiana na fundi wetu wa kompyuta, Rawiya, alichukua kitufe cha redio kuukuu, akakiunganisha na mashine kwa waya, ili kidole kibane na kiachie kikweli. Redio zake za mbao nilitaka tuzihifadhi. Alizifungua nne akachukua skrubu, akaniuliza ninataka kuhifadhi mbao za makasha kwa sababu gani.

Mwaka jana, nikiwa mkuu wa mafunzo, nilifungua faili lake nikakuta anastaafu na daraja alilokuwa nalo mwaka 1992. Nilimwambia nitaomba ile karatasi iondolewe. Akakataa. Alisema atakayekuja baada yake lazima asome kwa nini kitufe kiko vile, asije naye akaona kinasumbua.

Hadi hapa ndipo inapoishia rasimu niliyomwonesha mwenyewe. Yanayofuata hajayaona, na sikumwomba ruhusa kwa sababu angeninyima.

Bi Tamima aliiambia kamati kwamba hakutuambia. Alituambia. Siku ya mwisho ya darasa letu alisimama mbele ya ubao, akaandika kwa chaki kwamba kwenye redio ya kweli ukibana husikii, achia. Niliyanakili katika daftari langu pamoja na tarehe, na daftari ninalo. Asubuhi ile mashariki nilikumbuka kabla dakika ya pili haijatimu. Lakini nilikwisha kumwamkia Koplo Masoud mara mbili, nikajua pwani nzima inasikiliza, na kila nilivyozidi kubana ndivyo nilivyozidi kuogopa nitakachokisikia nikiachia. Duni aliungua nami ninaona haya. Na Bi Tamima aliposema mbele ya Meja Talal kwamba hakutuambia, alinitazama mara moja, nami nikatazama sakafu. Hakuwa amesahau. Aliamua. Mimi nilipanda kutoka kuruta mpaka luteni, na yeye alibaki pale alipo, na miaka kumi na tano tumefanya kazi meza moja bila ya kulitaja.

Jana nilimpelekea mkuu wa chuo daftari lile na maelezo yenye sahihi yangu, nikaomba yatiwe kwenye faili la Bi Tamima mbele ya ile karatasi. Yeye alikataza isiondolewe. Hakukataza isiongezewe nyingine. Maelezo yamepokewa na kupigwa muhuri, na atakachoamua mkuu juu yangu nitakipokea, maana kimechelewa kunifika kwa miaka kumi na tano.

Bi Tamima, chuo kizima kinakushukuru kwa vidole vyote ulivyovifunza, na Duni anasema sahani yako imewekwa kando na isiguswe. Tunakuombea afya, macho mema, na mapumziko marefu nyumbani Mlandege, na usikubali kila jirani akuletee pasi na feni. Mimi nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, kama ilivyonipasa kukutetea mbele ya wale watatu. Ukinikasirikia, panga skrubu siku mbili. Siku ya tatu nitakuja kubisha hodi.

Luteni Abrahman Mcha
Mkuu wa Mafunzo